Hema au gesti? Mechi ya usiku ya mwendesha baiskeli Kigoma

KIGOMA. Mwanasoka wa Bongo akikwambia "tumeingia kambini", ujue kalala hotelini. Ana kitanda, ana feni, ana chai ya asubuhi na daktari wa timu yuko chumba cha pili. Kwa mwendesha baiskeli wa masafa marefu kambi ni kambi kweli: hema, kamba, vigingi, na mbu wanaoimba nje wakisubiri zipu ifunguliwe.

Ndiyo maana swali gumu kwa yeyote anayepanga kuizunguka Kigoma kwa baiskeli, kutoka mjini hadi Ujiji na kushuka kusini kando ya Ziwa Tanganyika, siyo atapiga kilomita ngapi kwa siku. Ni atalala wapi. Abebe hema au ategemee gesti?

Linaonekana ni swali la watalii wenye muda wa kupoteza. Lakini ndilo linaloamua uzito wa baiskeli, bajeti ya safari na saa ya kusimama jioni. Na kwa kuwa huu ni mkoa wa mpakani, linaweza kuamua kama utalala usingizi au utaamka usiku wa manane unamulikwa tochi na kuulizwa wewe ni nani.

Jibu la Kigoma ni kwamba hulazimiki kushabikia timu moja. Mjini na kwenye lami, chumba kinashinda bila jasho. Huko kusini, ng'ambo ya Mto Malagarasi, hema linaingia uwanjani. Ila kwenye uwanja wowote kuna sheria moja haibadiliki: lala palipo na watu.

MJINI CHUMBA KINAONGOZA

Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1914, mji umezoea watu wanaoshuka na mabegi wakiulizia pa kulala. Gesti zipo kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na kwa wenye mfuko uliotuna kuna hoteli zinazotazama ziwa, kama Lake Tanganyika Hotel na Kigoma Hilltop.

Gesti ya kawaida yenye kitanda, chandarua na ndoo ya maji mara nyingi haifiki Sh30,000. Ukikubali choo cha nje, bei inashuka zaidi. Kwa hela hiyo mwendesha baiskeli anapata vitu vitatu ambavyo hema halina: maji ya kuoga, umeme wa kuchaji simu na taa, na mlango wenye kufuli.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Baiskeli Kigoma siyo kifaa cha mazoezi tu, ni mtaji. Ndiyo inayobeba mikungu ya ndizi, madumu ya mawese na magunia ya mkaa kupandisha vilima ambavyo bodaboda ingedai nauli ya kukata tamaa. Kila mtu anajua thamani yake. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza swali moja mapokezi: "Baiskeli inaingia chumbani?" Wakisema hapana, omba stoo yenye kufuli. Wakisema iache tu uani, shukuru na uende gesti ya pili.

Gesti nayo ina udhaifu wake. Wa kwanza ni baa. Nyumba nyingi za kulala wageni zimeungana na baa, na spika ikishafunguliwa Ijumaa jioni, miguu iliyopiga kilomita 80 haitapumzika hadi mteja wa mwisho aondoke. Kagua chumba kwanza, sikiliza, angalia chandarua kama kina matundu, ndipo utoe hela.

Udhaifu wa pili ni tarehe. Julai 25, 2021 Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Lake Tanganyika kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Taddeo Lwanga akaimaliza kwa bao la kichwa, 1-0. Siku kama hiyo mashabiki wanamiminika kwa basi, treni na ndege, na chumba kinageuka bidhaa adimu. Tangu Mashujaa FC ipande Ligi Kuu mwaka 2023, wakubwa wanakuja Kigoma kila msimu. Mwendesha baiskeli asiyesoma ratiba ya ligi anaweza kufika mjini jioni akakuta kila kitanda kina mwenyewe.

Hapo ndipo hata mjini hema linapopata nafasi. Ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, unapokea wenye mahema, na wengi wanauchagua kwa sababu ya maji tu, siyo kwa kukosa chumba.

UJIJI ILISHALIJIBU SWALI HILI

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni safari fupi, isiyozidi kilomita kumi. Mwendesha baiskeli anaimaliza kabla jasho halijakauka. Lakini kwenye suala la kulala, Ujiji ina uzoefu kuliko mji wowote wa ukanda huu.

Hapa ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipokuwa ikiishia, ikiwa imebeba bidhaa na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi walilala kambini njia nzima, miezi kadhaa. Wafanyabiashara wakifika Ujiji waliingia kwenye nyumba za tembe, zenye kuta nene za udongo.

Novemba 1871, Henry Morton Stanley aliyeondoka Bagamoyo na msafara wake uliobeba mahema, alimkuta David Livingstone anaishi kwenye nyumba ya aina hiyo. Stanley akahamia ndani. Muda mfupi baadaye wawili hao walipopanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa kuuchunguza Mto Ruzizi, walirudi kwenye maisha ya kambi, wakilala ufukweni kituo hadi kituo. Mjini nyumba, ufukweni hema. Mpango huohuo bado unafanya kazi zaidi ya miaka 150 baadaye.

Kuna kisa kingine cha Kigoma kinachofaa kwa yeyote anayesema "nitapata tu chumba nikifika". Julai 1960, Jane Goodall, binti wa miaka 26 kutoka Uingereza, alifika Kigoma akiwa na mama yake, njiani kwenda Gombe kuchunguza sokwe. Kongo ilikuwa imepata uhuru Juni 30 na vurugu zikaanza, Wabelgiji wakavuka ziwa kwa wingi. Mji ukafurika, vyumba vikawa shida. Mama na binti wakaishia kuweka hema lao katika eneo la gereza la Kigoma.

Tazama walichofanya. Hawakwenda kujificha kichakani. Waliweka hema mahali penye ulinzi, kwa ruhusa, jirani na watu. Na kumbuka mama alikuwepo kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataa binti akae porini peke yake. Goodall, aliyefariki Oktoba 1, 2025, aliishi kwenye hema miezi yake ya kwanza Gombe. Lakini hata yeye hakuanza safari ile peke yake.

KILO ZA HEMA NA DENI LA USINGIZI

Hema jepesi la mtu mmoja lina kilo mbili hivi. Ongeza begi la kulalia, godoro dogo la kujaza upepo, jiko na sufuria, unakaribia kilo tano. Mahema ya bei nafuu yanakuwa mazito zaidi. Kilo hizo zinakaa kwenye keria mchana kutwa, na Kigoma siyo tambarare: ukitoka ziwani kwenda Kalinzi au Kasulu, unapanda.

Waungwana wanaosifia hema mara nyingi hutoa mfano wa Tour d'Afrique, safari ya baiskeli ya Cairo hadi Cape Town iliyoanza mwaka 2003, ambayo washiriki wake wanavuka zaidi ya kilomita 10,000 na kulala kwenye mahema siku nyingi. Ni kweli. Lakini kuna jambo wanaliruka: mahema yale yanabebwa na lori. Mwendeshaji anapiga pedali akiwa mwepesi, jioni anakuta mzigo wake umetangulia. Ukiwa huna lori, huo siyo mfano wako.

Upande wa pili, wanaosifia vyumba wana ushahidi kutoka juu kabisa ya mchezo. Kwenye Giro d'Italia ya mwaka 2015, timu ya Sky ilimlaza Richie Porte kwenye gari maalumu lenye kitanda, badala ya hoteli zinazobadilika kila usiku. Hoja yao ilikuwa nyepesi: usingizi ni sehemu ya mashindano. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliingilia kati kabla ya Tour de France ya mwaka huo na kuamuru waendeshaji walale kwenye hoteli walizopangiwa na waandaaji, ili asiwepo anayenunua usingizi mzuri kuliko wenzake. Porte mwenyewe hakumaliza Giro ile, majeraha yalimtoa.

Kama timu yenye mabilioni inagombania kitanda, mtu anayetoka kazini Dar au Mwanza na likizo ya wiki moja asione aibu kulipia chumba. Siku mbili za kulala vibaya huwezi kuzilipa kwa chai ya rangi. Deni linajitokeza siku ya tatu, kwenye mlima, wakati magoti yamegoma na kichwa hakioni shimo barabarani.

LAMI IKIISHA, HEMA LINAINGIA

Mpaka hapo chumba kinaongoza. Ila ramani ya Kigoma ina kipindi cha pili.

Barabara za kuelekea Manyovu, Kasulu na Uvinza zina lami na zinapita miji midogo yenye gesti. Mwendesha baiskeli wa kawaida anaweza kupanga kulala mji hadi mji na kuacha hema nyumbani.

Anayetaka kulifuata ziwa kusini, njia yake ni ya Simbo, Ilagala hadi Kalya. Hapo mambo yanabadilika. Ni barabara ya vumbi, mvua ikinyesha inakuwa ya tope. Ilagala kuna Mto Malagarasi, na safari inasubiri kivuko. Ng'ambo kuna vijiji vya wavuvi na wakulima wa michikichi na mihogo. Vile vikubwa utakuta nyumba ya wageni, vingine hakuna kabisa. Ukichelewa kivuko au pancha mbili zikikufuata siku moja, gesti uliyoipanga inabaki kuwa ndoto iliyo kilomita 30 mbele.

Kule hema ni mchezaji wa akiba. Unaweza kukaa naye benchi siku tatu, ya nne akakuokoa.

Lakini usimwingize bila kumwomba mwamuzi. Ukifika kijijini muulize wa kwanza unayemkuta ofisi ya mtendaji iko wapi, au nyumba ya mwenyekiti. Kwenye mialo, uliza uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufukwe na shughuli za uvuvi. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kuongea. Toa shikamoo, jitambulishe, sema unatoka wapi na unakwenda wapi, onyesha kitambulisho bila kusubiri kuombwa, ndipo uombe mahali pa kusimamisha hema hadi asubuhi.

Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule, kanisa, zahanati au ua wa mtu. Usishangae mwenyeji akikataa kabisa habari za hema na kukufungulia chumba cha kijana wake. Hapo usibishane. Kubali, na asubuhi uache chochote cha shukrani kwa heshima, iwe sukari au hela kidogo ya chai.

USILALE KWENYE MCHANGA WA WATU

Kosa la mgeni ni kuona mchanga mweupe, maji yametulia, akasema hapahapa. Mchanga huo una mwenyewe.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafanya kazi usiku, hasa usiku wa giza, taa zao zikivuta samaki. Alfajiri mitumbwi inarudi, akina mama wanashusha mzigo na kuuanika. Ufukwe uliokuwa mtupu saa 12 jioni, saa 12 asubuhi ni kiwanda. Hema lako katikati ya dagaa wabichi halitamfurahisha mtu, na harufu utaondoka nayo hadi Uvinza.

Ziwa lenyewe nalo halina urafiki wa kudumu. Mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, maji yalipanda na kumeza fukwe na nyumba. Karibu na Malagarasi linapoingia ziwani kuna viboko na mamba, na kiboko usiku anatoka kula majani. Weka hema mbali na maji, juu, na uwaulize wenyeji njia ya mnyama inapita wapi. Kuoga pia uliza, kwa sababu kichocho kipo kwenye maji ya jirani na vijiji.

Halafu kuna malaria. Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa nayo. Hema lenye wavu mzima linamzuia mbu sawa na chandarua, pengine kuliko chandarua cha gesti chenye tundu la kupitisha ngumi. Lakini muda hatari ni ule kabla ya kuingia ndani, wakati unapika na kuziba pancha nje. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu jua linapozama, hata kama joto bado lipo.

USIJIFICHE PORINI

Ulaya na Marekani kuna wanaojivunia kulala porini kimyakimya, wakifika giza na kuondoka alfajiri bila kuonekana. Kigoma hiyo ni kadi nyekundu.

Mkoa huu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi, na kambi za wakimbizi siyo mahali pa kupita ukiomba maji. Askari na maofisa wa uhamiaji wanakagua watu barabarani kama kazi ya kila siku. Njia za kaskazini kuelekea Kibondo ziliwahi kusifika kwa utekaji wa magari. Mtu asiyejulikana, anayelala kichakani na mabegi manne kwenye baiskeli, anaogopwa na wanakijiji kabla yeye hajawaogopa.

Ndiyo maana kile kitabu cha wageni cha gesti, kinachokuuliza jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, siyo usumbufu. Ni ulinzi. Kikitokea kitu, kuna karatasi inayosema ulilala wapi. Ukilala kwenye hema, mtendaji aliyekupa ruhusa ndiye kitabu chako.

Kwa mwanamke anayesafiri peke yake hesabu ni kali zaidi. Hema ufukweni lisiwe mpango wake hata siku moja. Ua wenye familia, parokia au chumba chenye komeo la ndani ndiyo sehemu zake.

Gombe na Mahale, hifadhi mbili maarufu za sokwe mwambao huu, zina jibu lake zenyewe. Gombe hakuna barabara ya kufika. Watu wanapanda boti Kibirizi, baiskeli inabaki mjini ikiwa imefungwa salama. Kulala humo ni kwa utaratibu wa hifadhi, na mwenye hema ajue nyani wa Gombe ni wezi wa chakula wasio na aibu.

SAA KUMI NDIYO FILIMBI

Mtu wa Dar akifika Kigoma anadanganywa na jua. Linazama karibu dakika 40 baada ya la Dar, saa moja hivi jioni. Saa 11 bado kunang'aa, mwendeshaji anasema nimalizie kilomita 20. Lakini asubuhi nayo inachelewa vilevile, na giza likishaingia linaingia lote.

Kwa hiyo uamuzi wa hema au gesti ufanyike saa kumi jioni, siyo saa moja. Saa kumi bado mtendaji yupo ofisini au jirani, fundi baiskeli hajafunga, mama lishe ana ugali wa muhogo na migebuka, na ukikosa chumba una saa tatu za mwanga kutafuta kingine au kuomba uwanja.

Chukua safari ya usiku saba, mwezi Julai au Agosti, kiangazi, njia ikiwa kavu. Usiku wa kwanza chumba mjini, kuzoea hali na kukagua breki. Wa pili Ujiji au mjini tena, ratiba ya ligi ikiruhusu. Kisha Ilagala, piga simu au tuma ujumbe kwa dereva wa boda kuulizia chumba kabla hujafika. Ng'ambo ya mto, usiku mbili au tatu hema likae tayari, kila mara kwa ruhusa. Ukirudi, chumba tena, maji ya moto kama yapo, na nguo zifuliwe.

Ukikokotoa hivyo, gharama ya vyumba haifiki hata bei ya hema zuri. Anayekwenda mara moja, asiyevuka Malagarasi, aazime hema au aliache. Anayevuka, alibebe hata kama litarudi halijafunguliwa. Timu ikimaliza ligi bila kumtumia kipa wa akiba, hakuna kocha anayejuta kumsajili.